Jani Lililotangulia Mizizi

Ninyi mnaopiga picha mizizi ikining'inia ndani ya glasi, mkairusha kwenye simu na muziki nyuma yake, nawasalimu. Nimezitazama picha zenu nyingi kuliko inavyompasa mwanamke wa miaka hamsini na saba aliyestaafu kwa hiari yake. Ni nzuri. Zina kosa moja tu: glasi zenu zinapitisha mwanga. Mizizi haipendi kutazamwa. Kosa hilo nililifanya mimi kwa miaka minne mfululizo, na shahada ya kilimo nimeitundika ukutani, kwa sababu nilitaka kuona. Msomi ndivyo alivyo. Hawezi kuacha kitu kifanye mambo yake gizani bila kwenda kukifunua shuka.

Kazi yangu ilikuwa kitalu cha miche pale Malangali, hapa Sumbawanga, mali ya ushirika wa akina mama ambao siku hizi haupo tena, kwa hiyo naweza kusema ninachotaka. Nilitoka Mbeya nikiwa binti, nikidhani nitakaa mwaka mmoja. Kitalu kilikuwa na bustani nyuma na chumba kimoja kirefu mbele, chenye madirisha upande wa mashariki. Ndani ya chumba kulikuwa na rafu tatu za mbao, na juu ya rafu hizo chupa, zaidi ya mia. Kila chupa ilikuwa na maji na kitawi kimoja, na chini ya kila kitawi, kikiwa na bahati, kulikuwa na nywele nyeupe zilizolowa.

Mgeni akiingia mle mara ya kwanza alipunguza sauti bila kuambiwa. Fundi wa umeme mmoja aliyekuja kutengeneza swichi alifanya kazi nzima kaupa mlango ubavu, hataki kuzipa chupa kisogo. Nilimcheka hadi alipoondoka. Kisha nikaitazama meza yangu mwenyewe. Tangu siku ya kwanza niliiweka kwenye kona, kiti kimeegemea ukuta mtupu, na sikumbuki kama kuna mtu aliniambia niiweke pale.

Aliyenifundisha kazi si chuo. Ni Mama Visensia, mzaliwa wa hapahapa, aliyeishia darasa la nne na aliyekuwa akiotesha vitawi kwenye maji tangu mimi sijajua kuvaa viatu. Aliniita Msomi, na hakuwa ananisifu. Siku aliyonikuta nimepanga chupa nyeupe za kioo safi dirishani, jua linazipiga, alisimama akaweka mikono kiunoni.

"Msomi."

"Naam, mama."

"Ulipokuwa tumboni kwa mama yako, kuna mtu alikuwa anakumulika tochi?"

"Hapana, mama."

"Ndiyo maana ukatoka mzima. Kiasi."

Siku hiyohiyo tulihamia kwenye chupa za bia za kahawia, na mizizi ikaanza kutoka kwa siku nilizokuwa nikizisoma vitabuni bila kuzipata. Wenye baa walituhifadhia chupa tupu. Paroko alisikia kwamba kitalu cha akina mama kinapokea magunia ya chupa za bia kila Jumatatu, akatuma mtu aje kuuliza kwa upole.

Basi shikeni haya kabla sijaingia kwenye lililonileta. Kata chini kidogo ya jicho la tawi, kwa mshazari, kwa kisu kikali. Kisu butu husaga, na paliposagwa huoza. Ondoa majani yote yatakayozama, acha mawili juu. Maji ya bomba yalale kwenye ndoo usiku mmoja, dawa iondoke. Badilisha maji kila siku ya tatu, lakini usiyamwage yote, bakiza kidogo ya zamani. Mama Visensia alisema kitawi nacho kinataka kuamka mahali kinapopajua. Mti wenye utomvu mweupe kama maziwa, uache utoe machozi kwanza, uuoshe kwa maji ya vuguvugu hadi maziwa yakome, ndipo uingie chupani. Miezi ya baridi, ile ambayo hapa Ufipa unavuta pumzi asubuhi na kuiona, toa chupa dirishani uziweke ukuta unaopakana na jiko. Na nusa. Maji ya kitawi kilicho hai hayana harufu. Ya kinachokufa yananuka kama kiazi kitamu kilichosahaulika.

Ukitaka hukumu ya mwisho, kwaruza ganda kwa ukucha. Chini kukiwa kijani, kipo. Kukiwa kahawia, hakipo. Jaribio hilo halina shahada na halikosei, na ndilo nililolikwepa siku nilipolihitaji zaidi.

Kuna mimea ya kuheshimu. Ile yenye maua meupe makubwa yanayoning'inia kichwa chini kama tarumbeta, ambayo watu wa hapa hupanda iwe uzio kwa sababu ng'ombe hawaili, huota kwenye maji upesi kuliko karibu kitu chochote. Ganda lake hutoa vipele vyeupe kwanza, kisha kila kipele hupasuka. Ina sumu. Nilijua ina sumu. Niliwahi kuwafundisha wengine. Asubuhi moja nilikata vitawi vyake kama arobaini, kisha nikajikuna jicho la kulia. Kufikia saa sita mboni ya jicho hilo ilikuwa imefunguka yote, nyeusi, na ya kushoto imebaki ya kawaida. Nilishuka mjini hivyo hivyo kwenda hospitali. Mnajua jinsi wageni wanavyolitamka jina la mji wetu, na maswali wanayouliza kuhusu nyungo na safari za angani. Siku zote huwajibu kwa hasira kwamba sisi ni watu wa mahindi na maharage. Siku ile, sokoni, nilipita katikati ya watu wa mahindi na maharage na njia ikafunguka mbele yangu yenyewe. Muuza nyanya ninayemfahamu aliniamkia shikamoo mara mbili. Nina hakika ananizidi umri.

Lakini lililoninyima raha zaidi katika kazi hii si sumu. Ni waridi.

Mama Visensia alikuwa na waridi moja jekundu nyuma ya nyumba yake. Kutoka kwa hilo tulikata vitawi kwa miaka mingi. Vilikwenda kwenye ofisi, kwenye nyumba za wageni karibu na stendi, makanisani, hadi Nkasi na Kalambo. Nilijivunia. Nilisema tumezalisha waridi mji mzima. Mwaka mmoja, majira ya mvua, waridi la nyuma ya nyumba lilianza kuweka madoa meusi, likapukutika, likafa. Wiki hiyohiyo watu wakaanza kuja kitaluni, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kijiti kikavu mkononi. Wa kutoka ofisini, wa kutoka stendi, sista mmoja kutoka mbali. Nilikuwa na maelezo. Mvua ileile, ugonjwa uleule, mmea wenye udhaifu uleule. Niliyatoa vizuri sana, kwa mkono na kidole. Mama Visensia alivipanga vile vijiti mezani, akavitazama.

"Unasema wamekufa wangapi?" akaniuliza.

"Wamekuja watu ishirini na kitu, mama."

"Amekufa mmoja."

Kitawi hakizaliwi, vijana. Mbegu huzaliwa. Kitawi ni yuleyule, anaendelea mahali pengine. Tangu siku ile, kila nikipita mjini na kuona ua nililouza, nilihisi kama mtu anayekutana na uso uleule kwenye madirisha mengi.

Sasa Bi Mwajuma.

Bi Mwajuma anaishi Kipili, ziwani, na kwa miaka alikuwa akipanda huku juu na magunia ya dagaa kuuza sokoni. Nilikuwa mteja wake. Kitaluni hakuwahi kufika. Asubuhi moja ya mwezi wa baridi aliingia na kanga iliyolowa mikononi, ameikumbatia kama amebeba mtoto aliyelala. Mama Visensia, ambaye kwa umri ule alikuwa anakuja tu kuota jua na kunisahihisha, alimsogezea benchi. Ndani ya kanga mlikuwa na vitawi vitatu vya mti wa jamii ya mkuyu. Maziwa yalikuwa bado yananata kwenye mikato.

"Mama Neema," akaniambia, "nimeambiwa wewe unafufua miti."

"Naiotesha tu, Bi Mwajuma. Kufufua kuna mwenyewe."

Hakucheka. Akanieleza. Mwanawe Iddi alifariki kwa homa akiwa na miaka kumi na tisa, akazikwa kwenye makaburi ya ufukweni. Kwao, maiti akizikwa, huchomekwa kijiti kibichi juu ya kaburi. Kadiri kijiti kisivyokauka, aliye chini hupata nafuu. Vijiti vingi hukauka, na wafiwa huendelea kwa dua. Cha Iddi kilishika. Kikawa mti wenye kivuli. Kisha ziwa likaanza kupanda, kama ninyi nyote mlivyoona lilivyopanda, likameza gati, likameza nyumba za mbele, likafika makaburini. Mti wa Iddi ukabaki umesimama majini, kilele tu ndiyo nje.

"Nikaenda kwa mtumbwi," akasema. "Yule kijana anayenipeleka, tulipofika pale akazima mashine, akachukua kasia. Sikumwambia. Maji yale ni safi, Mama Neema, unaona hadi chini. Niliona mawe ya kichwani, yamepangana, na samaki wanapita. Na mti ulikuwa umeota mizizi mipya hapo maji yalipoushika kiunoni. Myekundu myekundu, mirefu, inacheza. Kama ndevu. Iddi hakuwahi kuota ndevu."

Nikamwambia kwamba ni kawaida, mti uliozama hutafuta hewa kwa njia hiyo. Akanitazama kwa subira.

Alikata vitawi vitatu kwa kisu cha samaki. Usiku uleule upepo uliuangusha mti wote, ukazama. Vitatu hivi ndivyo vilivyobaki. Alitaka kimoja kishike, akakipande juu mlimani, mahali ambapo ziwa halitafika. Ndicho alichotaka, na alikitaka kwangu.

Niliosha maziwa kwa maji ya vuguvugu. Nilikata upya. Nilitumia chupa za kahawia. Niliviweka ukuta wa jikoni. Sikuacha kitu. Lakini vitawi vya ziwani, vilivyozoea joto la kule bondeni, vilikuwa vimepandishwa kwenye baridi yetu katikati ya majira ya baridi, na ilikuwa wajibu wangu kumwambia mwenyewe siku ileile: hapa tunabahatisha. Badala yake nilisema, "Vitashika tu, usiwe na wasiwasi." Nilipenda jinsi alivyonitazama niliposema hivyo.

Viwili viliota ukungu ndani ya siku kumi. Cha tatu hakikuoza, wala hakikuota mzizi. Kilikaa. Wiki ya tatu, ya tano, ya saba. Kila asubuhi nilikitoa majini nikakiinua: ganda limenyooka, maji hayana harufu, chini pamekatwa kama pamekatwa jana. Vya jirani yake, vya mimea mingine kabisa, vilikuwa vinatoa mizizi na mizizi hiyo yote ilining'inia sawasawa. Hiki hakikuwa kinaishi wala kufa. Kilikuwa kinangoja, na nilianza kukisalimu nikiingia, jambo ambalo naomba msilisimulie mtu aliyenifahamu chuoni.

Kila Ijumaa baada ya swala Bi Mwajuma alipiga simu. Hakuwa na salamu ndefu.

"Bado kibichi?"

"Kibichi."

"Alhamdulillahi."

Wiki ya nane, jicho la juu lilifunguka likatoa jani. Jani dogo, la kijani laini, linang'aa kama limepakwa mafuta. Nilipiga simu mimi, bila kungoja Ijumaa. Nilimsikia akikaa chini. Alilia kidogo, akanishukuru, akawaombea wazazi wangu ambao hawajui. Nilipokata simu, Mama Visensia alikuwa ameinamia chupa.

"Mizizi?"

"Bado, mama. Jani limetangulia."

"Na wewe umempigia mwenzako umemwambia nini?"

"Kwamba limetoa jani."

"Hilo jani linaaga, Msomi."

Nilijua. Kitawi kisicho na mizizi kikitoa jani, kinatumia akiba iliyobaki ndani yake. Kinavaa nguo ya kutokea. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwenye ripoti. Lakini nilikuwa nimesikia mwanamke akilia kwa furaha na sikutaka kumpigia tena.

Jani lilidondoka siku ya Alhamisi. Ijumaa simu ikaita. Chupa ilikuwa mbele yangu. Ningeweza kunyoosha mkono na kukwaruza kwa ukucha, kazi ya kufumba na kufumbua, halafu nikapokea. Nikapokea bila kukwaruza.

"Bado kibichi?"

"Kibichi," nikasema, na nilijiambia kwamba si uongo, maana sijui.

Jumamosi nilikwaruza, karibu na kitako. Kahawia. Nikakwaruza juu zaidi. Kahawia. Nilikitupa kwenye lundo la mboji nyuma ya kitalu, nikachukua kisu, nikashuka hadi kwenye kijito ambako kuna mkuyu wa aina ileile, nikakata kitawi cha unene uleule, nikakiingiza kwenye chupa ileile. Mama Visensia aliniona nikipita. Hakuniita Msomi. Hakuniita kitu.

Cha kijitoni kilishika siku ya kumi na moja. Mizizi ilitoka pande zote, myeupe, kwa fujo, kama kinachofanya kusudi. Ijumaa mbili nilisema "kibichi," na mara hizo kulikuwa na kitu kibichi ndani ya chupa. Ijumaa ya pili nikaongeza kwamba kina mizizi, aje kukichukua.

Alikuja siku ya Alhamisi, amevaa kanga mpya. Nilimpa chupa. Aliigeuza polepole kwenye mwanga, akaona mizizi, akaisogeza usoni hadi pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Akaongea kwa sauti ya chini, sauti ambayo mama humwamshia mtoto safarini.

"Iddi. Twende nyumbani, baba."

Nilikuwa nimejiandaa kwa shukrani, kwa kuku, hata kwa machozi. Sikuwa nimejiandaa kusikia kitawi cha kijitoni kikiitwa jina la mtu, kikanyamaza.

"Bi Mwajuma," nikasema. "Huyo siye."

Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Aliiweka chupa juu ya meza, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kilikauka Ijumaa gani?"

"Ijumaa tatu zilizopita. Labda kabla yake kidogo. Sikukwaruza kwa wakati."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Mti ulipoanguka," akasema, "nilikuwa nakwenda kila Ijumaa kwa mtumbwi, namsomea Yasini pale juu ya maji. Upepo ule, majirani wananiambia utazama, Mwajuma, utamfuata. Sikuwasikiliza. Wewe uliposema limetoa jani, nikaacha. Nikasema kijiti kinamwombea, mimi nikaanike dagaa." Akafunga vidole vitatu kwenye kiganja. "Ijumaa tatu hakuwa na mtu."

Nikasema pole. Ni neno dogo sana mkiwa jambo mmelisababisha wenyewe.

"Kiko wapi?"

"Nilikitupa. Kwenye mboji."

"Twende."

Lundo la mboji likiwa limeiva vizuri huwa na joto, na asubuhi ya baridi hutoa moshi. Siku ile lilikuwa linafuka lote, ungedhani kuna kitu kinapikwa chini yake. Bi Mwajuma alivua ndala, akapandisha mikono ya gauni, akaingiza mikono. Nami nikaingiza. Mama Visensia alisimama na mkongojo wake. Vijiti vilikuwa vingi mno. Kazi ya miaka mingi iliyoshindikana iko mle. Nilitafuta alama ya ukucha wangu karibu na kitako, maana hiyo ndiyo ingenijulisha. Nilipekua upande wangu wote, nikaurudia mara ya pili. Yeye akaja upande huo huo niliokwisha kuupekua, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa kimoja.

"Ni hiki."

"Umejuaje?"

"Sijui. Mkono umekwenda."

Nilikichukua nikakifuta kwa aproni. Karibu na kitako kulikuwa na mkwaruzo wa ukucha, na juu yake mwingine. Sikuwa nimemwambia natafuta alama gani. Nilimrudishia, na Mama Visensia akafanya ishara ya msalaba, haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Aliomba maji ya kunawa. Alinawa vizuri, akaingia kwenye chumba kirefu, akaketi kwenye benchi katikati ya rafu, kijiti kikavu mapajani, akasoma. Alisoma Yasini yote kwa moyo, akarudia, akarudia, mara tatu, moja kwa kila Ijumaa. Mimi nilikaa chini sakafuni kwa sababu kiti changu kilionekana kirefu mno. Sitawaambia kwamba kuna kilichotokea. Ila mle ndani siku zote kuna kiputo kinachopanda, tone linaloanguka, jani linaloteleza kwenye chupa. Ukizoea huwezi hata kuyasikia. Wakati wote aliposoma hakikupanda kiputo, wala halikuanguka tone. Niliyasikia yalipoanza tena.

Alipomaliza alikifunga kijiti kwenye ncha ya kanga. Kisha akaitazama ile chupa ya mezani, kitawi cha kijitoni na mizizi yake mingi.

"Huu ni wa wapi?"

"Wa hapo chini tu, kijitoni."

"Haumjui."

"Haumjui, Bi Mwajuma."

Akafikiri. "Utajifunza," akasema, akauchukua.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Dereva wa bodaboda alimfungia mzigo, akamwambia, "Mama, huo mti ushike mwenyewe, mbele huko barabara imeharibika." Bi Mwajuma akapanda, akauweka katikati yake na mgongo wa dereva. Nilitaka kusema kitu kabla hajaondoka.

"Nitakupigia Ijumaa," nikasema. "Nijue hali yake."

"Utaniuliza nini?"

"Kama ni kibichi."

Alinitazama, bila chuki.

"Na nikikwambia kibichi, Mama Neema, utajuaje?"

Nilipiga Ijumaa ile, na nimepiga kila Ijumaa tangu hapo. Hupokea, husema lile neno moja, hukata. Kutoka hapa hadi Kipili ni safari ya siku moja tu kwa basi, na mimi ni mstaafu, siku ninazo nyingi. Watu wanaopanda na dagaa wananiambia ziwa halijaacha kusogea. Sijaenda kutazama.